Dawa ya kudumu ina siku yake ya kuisha

Ndugu Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi lawama ni ileile: famasi zinasumbua watu, mgonjwa wa presha wa miaka kumi bado anadaiwa cheti kana kwamba amegundulika jana. Sisi tunaosimama upande wa pili wa kaunta tunakiri kwamba lawama hiyo ina ukweli, na tutaufikia. Ila usumbufu mwingi huwa umeshaiva kabla mgonjwa hajafika dukani. Umeivia kwenye cheti kilichoandikwa nusunusu, na kwenye hesabu ya vidonge ambayo hakuna aliyeifanya: si daktari, si mgonjwa, na mara nyingine si sisi.

Tuanze na ganda. Mtu anaweka mezani ganda tupu la vidonge na kusema, "Nipe hizihizi." Ganda lenyewe limekatwa kwa mkasi, na kipande kilichobaki kina mwisho wa jina tu. Amlodipini na nifedipini huishia kwa herufi zilezile, na zote ni za presha, lakini hazimezwi kwa dozi moja. Hata likisomeka jina zima, namba ya miligramu huenda imekwenda na kipande kilichotupwa. Amlodipini ipo ya miligramu 5 na ya miligramu 10, na boksi za kiwanda kimoja hufanana kama mapacha. Mtoa dawa mwenye foleni atakisia. Akikisia juu, mzee ataanza kuvimba miguu, ataambiwa ana tatizo la moyo au figo, na atapewa dawa ya kukojoza maji kwa uvimbe ulioletwa na kidonge.

(Majina ya dawa tumeyaandika hapa kwa tahajia ya Kiswahili, kwenye boksi miisho hutofautiana kidogo.)

Kwa hiyo usilete ganda tupu, lete boksi. Kama boksi ni kubwa, piga picha kwa simu upande wenye jina la asili la dawa, upande wenye miligramu na upande wenye tarehe ya kuisha muda. Jina la asili ndilo lile dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la kibiashara. Wagonjwa hushika lile kubwa, na hapo ndipo wengi wanapomeza dawa moja mara mbili. Mtu ana boksi la amlodipini kutoka zahanati. Akaenda hospitali nyingine, akaandikiwa kidonge cha mchanganyiko wenye losatani na amlodipini ndani yake, kwa jina jingine kabisa. Nyumbani anameza vyote viwili akiamini ni dawa mbili tofauti. Akisimama kizunguzungu kinamwangusha.

Sasa cheti. Maneno "aendelee na dawa zilezile" yaliyoandikwa kwenye daftari la mgonjwa si cheti cha dawa. Cheti kinachomwezesha mfamasia kutoa dawa bila kumrudisha mtu kina jina la mgonjwa na umri, jina la asili la dawa, miligramu, kidonge kimoja au viwili kutwa mara ngapi, jumla ya vidonge, tarehe, na sahihi yenye jina linalosomeka. Jumla ya vidonge ndiyo husahaulika zaidi. Daktari akiandika "1x1" bila idadi, hatujui alitaka dawa za wiki mbili ili aone kidonge kinavyofanya kazi, au za mwezi kwa sababu mgonjwa ameshatulia.

Hospitali za serikali zinazotumia mfumo wa GoTHoMIS zimeleta jambo zuri lenye mkia. Dawa inaandikwa kwenye kompyuta na kusomwa dirisha la dawa bila karatasi. Ikiwepo, mgonjwa anaondoka nayo. Isipokuwepo, anaambiwa akanunue nje, naye anatoka getini mikono mitupu, kwa kuwa cheti kimebaki ndani ya mfumo. Usiondoke dirishani kabla hujachapishiwa au kuandikiwa kwa mkono, na kugongewa mhuri. Ukisharudi nyumbani, kumpata daktari yule yule ni safari nyingine na nauli nyingine.

Lipo na suala la ngazi, ambalo wagonjwa wachache huelezwa. Mwongozo wa taifa wa matibabu na orodha ya dawa muhimu huzipa dawa herufi: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa ya mkoa, na S kwa za mabingwa. Mtu akianzishiwa dawa ya ngazi ya S kwenye hospitali kubwa kisha akaambiwa aendelee na kliniki ya karibu na kwake, zahanati haitakuwa nayo, na haitaagiziwa. Swali la kumuuliza bingwa kabla ya kuinuka kitini ni hili: "Dawa hii nitaipata zahanati ya kwetu? Kama haipo, ipo nyingine inayofanya kazi hiyohiyo?" Mara nyingi ipo, ila hakuna aliyeuliza.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo dozi nyingi zinapokatika. Vidonge vingine hufungwa kumi kumi, maganda matatu yanakuwa 30. Vingine hufungwa 14, maganda mawili yanakuwa 28. Mgonjwa anaviita vyote "dawa za mwezi." Lakini miezi saba ya mwaka ina siku 31. Anayechukua dawa kila tarehe 5, boksi la 30 litamwacha siku moja mtupu katika miezi hiyo, na la 28 litamwacha siku tatu. Jumlisha kwa mwaka: boksi 12 za vidonge 28 ni vidonge 336, maana yake siku 29 bila dawa kwa mtu anayejiona hajakosa hata mwezi mmoja. Kwa boksi za 28 unahitaji angalau 13 kwa mwaka, si 12. Metifomini, dawa ya sukari, nayo ina mtego wake. Boksi lake la kawaida lina vidonge 100, na mwenye kumeza viwili asubuhi na viwili jioni hulimaliza siku ya 25.

Matokeo yake dawa tatu za mtu mmoja zinaisha siku tatu tofauti. Anakuja dukani mara tatu, na safari ya tatu haji. Dawa hizi zinaweza kusawazishwa ziishe siku moja, na kazi hiyo mfamasia yeyote anaifanya kwa dakika tano ukimletea vilivyobaki. Tuseme umebaki na amlodipini 12, losatani 4 na metifomini 20. Amlodipini inakufikisha siku 12. Losatani ya kidonge kimoja kwa siku inakufikisha siku 4, basi nunua 8 tu. Metifomini ya vidonge vinne kwa siku inakufikisha siku 5; unahitaji 48, una 20, nunua 28. Sasa zote zitaisha siku moja. Siku hiyo ikibaki wiki moja kufika, nunua dozi kamili ya dawa zote kwa pamoja. Wiki hiyo moja si ya mapambo. Ni muda wa duka kuagiza dawa isiyokuwepo, wa kliniki kukuandikia cheti kingine, na wa mshahara kuingia.

Insulini ina hesabu ya peke yake. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma 20 asubuhi na 12 jioni anatumia 32 kwa siku, na kwa siku 28 ni 896. Zile 104 zilizobaki zinauma kuzitupa, lakini chupa ikishafunguliwa tunaihesabia siku 28, baada ya hapo nguvu yake haiaminiki. Andika kwa kalamu tarehe ya kuifungua juu ya lebo, si kichwani. Anayechoma yuniti 50 kwa siku humaliza chupa kwa siku 20, basi kwa mwezi anahitaji mbili. Ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Asiye na friji atumie chungu cha udongo chenye maji chini, chupa ikae ndani ya chombo kikavu kinachozibika, kivulini penye upepo. Chungu hicho kinafaa zaidi kwa chupa inayotumika kuliko kwa akiba ya miezi. Insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa, bingirisha viganjani, usiitikise. Ikibaki na mabonge, au vijipunje vimeganda kwenye kioo, hiyo imekufa.

Pampu ya pumu ya salbutamoli ina mibonyezo 200, na nyingi hazina namba ya kuhesabia. Kuitumbukiza kwenye maji uone kama inaelea hakukuambii dawa iliyobaki, kunaiharibu tu. Mibonyezo miwili kutwa mara nne ni minane kwa siku, basi siku ya 25 itakuwa tupu hata kama bado inatoa mvuke. Lakini kama kweli unaimaliza kila mwezi, usiombe ya kurudia kabla hujaonwa. Pampu hiyo hufungua kifua tu. Inayotuliza ugonjwa wenyewe ni ile ya beklometasoni, ambayo watu huiacha kwa sababu hawaoni ikifanya kazi papo hapo. Miwili asubuhi na miwili jioni, pampu ya mibonyezo 200 inachukua siku 50, wala haina sababu ya kukaa kabatini mwaka.

Fedha. Mtu ana dawa tatu na pesa ya kununulia moja. Wengi hununua ile wanayoiamini kwa mwezi mzima na kuziacha nyingine mbili. Ni afadhali zote tatu za siku kumi kuliko moja ya siku 30. Mwombe mfamasia akupe kiasi ulichoweza na aandike nyuma ya cheti, kwa kila dawa: imetolewa 10, salio 20, tarehe, mhuri wa duka. Cheti chako kinabaki na thamani, na duka lolote litajua palipofikia. Kabla ya kulipa uliza bei kwa jina la asili: "Losatani ya 50 ya bei nafuu zaidi mliyonayo iliyosajiliwa ni ipi?" Vidonge vya kampuni mbili vyenye jina la asili moja na miligramu sawa, vilivyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, vinaweza kubadilishana kwa presha na sukari bila wasiwasi. Chukua risiti. Ikitokea kidonge kina kasoro, risiti na namba ya toleo iliyo kwenye boksi ndivyo vitakavyofuatiliwa.

Kubadilishana huko kuna mipaka. Mwenye kifafa aliyetulia kwa kabamazepini ya kampuni moja asihamishwe kampuni kila mwezi kwa sababu ya bei. Tofauti ndogo inatosha kuleta degedege. Wafarini, ya kuzuia damu kuganda, vilevile. Na kidonge kilichoandikwa SR, XR, MR au "retadi" kimetengenezwa kutoa dawa polepole. Ukikivunja au kukisaga, dozi ya saa 12 au 24 inamwagika kwa mkupuo. Amlodipini ya 10 yenye mstari katikati unaweza kuigawa iwe 5 duka likiwa halina ya 5. Nifedipini ya retadi huwezi.

Tukija kwenye kukataliwa, tuseme wazi: kuna nyakati mfamasia akikataa kurudia dawa anakulinda, na kuna nyakati anajikinga tu kwa uvivu. Mwenye wafarini bila kipimo cha kuganda kwa damu cha karibuni asipewe kirahisi. Mama aliyeshika ujauzito asipewe tena losatani wala enalaprili, zinamdhuru mtoto tumboni. Aende kliniki mara moja akabadilishiwe, asikae bila dawa. Fenobabitoni ya kifafa iko chini ya udhibiti maalumu, na bila cheti halisi hakuna mjadala. Anayemeza enalaprili na kukohoa kikavu usiku kucha kwa wiki sita hahitaji dawa ya kikohozi, anahitaji cheti kipya. Na mwenye losatani pamoja na dawa ya kukojoza maji akiomba diklofenaki ya mgongo juu yake, tutamnyima: hizo tatu kwa pamoja huziumiza figo, na diklofenaki peke yake hupandisha presha. Dawa za kuua bakteria hazina kurudiwa hata siku moja. Cheti cha amoksilini cha mwaka jana ni kumbukumbu tu.

Lakini kumkatalia mzee amlodipini ileile anayoimeza miaka yote, boksi lipo, daftari lipo, presha imepimwa hapo hapo na iko sawa, kisha kumwacha aende zake jioni ya Ijumaa, huo si uangalifu. Kwa hali hiyo mpe za siku chache za kumvusha hadi kliniki, andika kwenye daftari lake ulichompa na kwa nini. Zipo dawa ambazo kukatika ghafla kuna hatari kubwa kuliko kuendelea: atenololi na propranololi, ambazo moyo hurudi kudunda kwa kasi, dawa za kifafa, predinisoloni iliyotumika muda mrefu, na insulini, ambayo mwenye sukari ya utotoni hawezi kukaa bila hiyo hata siku moja. Aliyekosa jana asimeze mara mbili leo.

Kupima presha dukani kuna maana kama kunafanywa sawasawa. Kaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, kibofu kitupu, na usiwe umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Mtu aliyepanda ngazi mbio na kupimwa akiwa amesimama ataambiwa dawa hazifanyi kazi. Ikisoma 180 kwa 120 au zaidi na kifua kinauma, mdomo umepinda au mkono umekufa ganzi, hapo si suala la famasi tena, ni hospitali sasa hivi. Sukari ikisoma chini ya 4 mpe soda yenye sukari au vijiko vya sukari kwenye maji kwanza, maswali baadaye.

Duka la Dawa Muhimu si famasi, na hili si dharau. Maduka hayo, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, yanaruhusiwa orodha fupi zaidi ya dawa. Kijijini ndiyo yaliyo karibu. Mpe muuzaji orodha yako mara moja, akuambie zipi anaruhusiwa kuwa nazo na zipi lazima uzifuate mjini, ili usihangaike kila mwezi. Famasi kamili ina mfamasia msimamizi, na vyeti vya usajili vimetundikwa ukutani panapoonekana. Uliza mfamasia yupo saa ngapi. Saa hizo ndizo za kupeleka maswali.

Ukimtumia mama dawa kwa basi, funga boksi zima likiwa na karatasi yake ndani, usitoe vidonge ukaviweka kwenye bahasha ya kaki bila jina. Mpe kondakta zikae ndani ya basi, si buti ya chini wala juu ya dashibodi. Vidonge vingi havitaki zaidi ya nyuzi 30. Insulini weka kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu imefungwa kitambaa ili isiguse kioo. Ikiganda njiani haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Kwa wanaofunga Ramadhani, cheti cha kawaida hakitoshi. Metifomini huweza kuhamishiwa futari na daku, ila glibenklamidi na insulini zisipopunguzwa na daktari zinaangusha watu alasiri. Muda wa kwenda kuuliza ni Rajabu, si mkesha wa mwezi kuandama.

Sasa ule ukweli tulioahidi. Kliniki za CTC, za wanaoishi na VVU, zilishaacha kumwita kila mwezi mtu aliyetulia. Wengi hupewa dawa za miezi mitatu, wengine sita. Mgonjwa wa presha aliyetulia kwa nini apange foleni mara 12 kwa mwaka kuandikiwa kitu kilekile? Tunajua dirisha la hospitali huenda halina akiba ya kumpa miezi mitatu kwa mkupuo, na bima ina masharti yake. Basi daktari aandike marudio kwenye cheti, tusipige simu kukisia. Mstari mmoja kwa kila dawa unatosha, na kwa mgonjwa wa mfano wetu ungesomeka hivi:

"Amlodipini 5 mg, kidonge 1 kutwa mara 1 asubuhi, vidonge 30, rudia mara 2 kila baada ya siku 30. Presha ipimwe kila anapochukua; ikiwa 160 kwa 100 au zaidi siku mbili tofauti, arudishwe. Kliniki siku ya 83, dawa zikiwa bado za wiki moja."

Wafamasia wa kaunta,
Dar es Salaam